Upande wa Pili wa Karatasi

Saa mbili na robo asubuhi, Onyango aliweka faili mezani na kulisukuma mbele kwa kidole kimoja, kama mtu anayerudisha chakula kilichochacha.

"Hili limeisha, Madam," alisema. "Wewe weka sahihi tu. Saa nane mchana mwanasheria wa jumba analipeleka polisi."

Rael Chebet hakuligusa. Alikuwa amefanya upelelezi Eldoret miaka tisa kabla ya kuja Doha, na katika miaka hiyo hakuwahi kuona faili la wizi likiiva kwa siku moja. Sasa alikuwa mkaguzi wa kampuni ya ulinzi. Kazi yake ilikuwa kuchunguza makosa ya walinzi kabla wateja hawajaanza kupiga kelele. Safari hii mteja alikuwa amepiga kelele tangu jana, na Onyango, msimamizi wa zamu, alitaka kelele hizo zinyamaze haraka.

Mteja mwenyewe ni jumba binafsi la maonyesho pale kisiwa cha The Pearl. Keshokutwa, Alhamisi, walikuwa wanafungua maonyesho yaitwayo "Toledo: Mji wa Siku Tatu za Ibada", yakihusu mji mmoja wa Hispania ambako Waislamu, Wakristo na Wayahudi waliwahi kuishi mtaa mmoja. Kitu cha thamani kuliko vyote kilikuwa karatasi moja ya mwaka 1162. Alhamisi iliyopita jioni ilikuwa kwenye droo ya chumba cha matayarisho. Jumatatu asubuhi droo ilikuwa na jalada tupu. Leo ilikuwa Jumanne.

"Kamera?" Rael aliuliza.

"Za chumba hicho hazijaunganishwa bado."

"Funguo?"

"Zinakaa kiunoni kwa mlinzi wa mlango. Ijumaa alikuwa Philipo. Jumamosi palifungwa, king'ora kikawashwa, hakikulia. Jumapili alikuwa Harun."

"Shahidi?"

"Scovia, yule Mganda wa usafi. Soma mstari wa nne."

Rael alisoma. *Nilimwona mlinzi akitoka chumba cha matayarisho na bahasha kubwa ya kahawia. Ilikuwa Jumapili asubuhi. Alikuwa amenipa mgongo.*

"Jumapili ni Harun," Onyango alisema. "Hiyo hesabu hata mtoto wa darasa la pili anaipata. Na daftari la funguo linaonyesha alifungua hicho chumba saa tatu. Tena jamaa anasoma Kiarabu. Vijana wanasema alitaka kuirudisha hiyo karatasi kwa Waislamu wenzake."

"Vijana gani?"

"Vijana tu, Madam."

"Hawana majina?"

Onyango alikitazama kikombe chake cha chai kana kwamba majina yalikuwa humo ndani. Rael akachukua faili na kutoka nalo bila kutia sahihi.

*

Harun Makokha alikuwa amewekwa kwenye chumba cha kubadilishia nguo, mlango ukiwa umefungwa kwa nje. Alikuwa mtu wa Mumias, miaka thelathini na minne, mwenye sauti ya chini na mashati yaliyopigwa pasi hata siku ya mapumziko. Kofia ya kazi aliiweka juu ya goti. Aliposimama kumpokea Rael, ilianguka akaiokota.

"Kaa, Harun. Jumapili ulifungua chumba cha matayarisho?"

"Nilifungua saa tatu, Madam. Mafundi seremala walileta meza. Niliandika kwenye daftari."

"Ulitoka na bahasha?"

"Hapana."

"Umeonekana."

"Na nani?"

"Nasoma: mlinzi, bahasha ya kahawia, Jumapili asubuhi."

Harun aliinua kichwa. "Huyo ni Scovia, wa usafi wa asubuhi ni yeye tu. Amesema Jumapili? Kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake."

Mlinzi akautazama ukuta. Alianza kutabasamu, lakini tabasamu likakatika njiani.

"Sawa," alisema.

"Sawa nini?"

"Kama amesema Jumapili, basi ni Jumapili."

"Harun, saa nane unakwenda polisi. Ukishafika huko mimi siwezi kukutoa. Utakaa ndani mpaka wachoke na wewe, halafu utapandishwa ndege. Una watoto?"

"Wawili."

"Basi ongea."

"Nimeongea, Madam. Sikuchukua." Aliisugua kofia kwa kiganja. "Philipo ameshahojiwa?"

"Kwa nini unauliza?"

"Tunakaa chumba kimoja."

"Ameandika maelezo. Anasema hajui chochote."

"Hajasema hata neno moja?"

"Hata moja."

Harun aliivaa kofia yake na kuishusha hadi kwenye nyusi. Rael alimwuliza maswali mengine sita na akajibiwa "hapana" mara sita, kwa adabu zote. Alipotoka aliandika mstari mmoja kwenye kijitabu chake: *Ameuliza kuhusu siku. Hakuuliza kuhusu bahasha.* Mtu aliyesingiziwa huuliza bahasha gani, ya ukubwa gani, iko wapi. Huyu alishika siku tu, kisha akafunga mdomo, na jambo hilo lilimkera Rael kuliko uongo.

*

Daktari Ghizlane, msimamizi wa makusanyo, alikuwa mama wa Fes, mwenye miwani mbili: moja machoni, nyingine kichwani. Hakuwa amelala vizuri na hakuficha. Alimwonyesha Rael droo, jalada, kufuli. Hakuna kilichovunjwa.

"Nionyeshe picha ya kilichopotea," Rael alisema.

Daktari alifungua kompyuta. Karatasi ilikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, na maandishi yake yalikuwa ya Kiarabu.

"Mkataba wa walinzi," alisema. Akacheka bila furaha. "Ndiyo, walinzi kama wako. Watatu, wa ghala la nafaka. Yahya Mwislamu, Domingo Mkristo, Ishaq Myahudi. Wakati huo mji ulikuwa wa mfalme Mkristo, lakini hata Wakristo waliandikiana mikataba kwa Kiarabu. Wamekubaliana hivi: Ijumaa Yahya anakwenda kuswali, wenzake wanashika lango. Jumamosi ni ya Ishaq. Jumapili ni ya Domingo. Mlinzi wako Harun aliniomba aisome. Nikamruhusu. Alisema, hawa walikuwa na bahati, kila mtu na siku yake."

"Alimaanisha nini?"

"Sikumwuliza. Sasa tazama upande wa pili."

Upande wa pili maandishi yalikuwa ya Kihispania, mazito, yamekaa juu ya karatasi kama buti.

"Mwaka 1450. Karibu miaka mia tatu baadaye, ghala lile lile. Wameichukua karatasi ya zamani na kuandika sharti jipya mgongoni: mlinzi awe Mkristo, mtoto wa Mkristo, mjukuu wa Mkristo. Hata aliyebatizwa jana hafai, kwa sababu babu yake alikuwa Ishaq. Baada ya hapo ukaja wakati wa kufukuzana kabisa. Ndiyo maana naipenda karatasi hii. Mji mzima umo humo, mbele na nyuma. Niliagiza kabati la kioo la kusimama, watu wazunguke waone pande zote mbili."

"Na wenye jumba walilipenda?"

"Mfadhili anataka harusi. Mimi namwambia kuna na talaka."

Rael alikuwa na tabia ya kusoma kila kitu kilichoandikwa, hata maelezo ya sabuni. Ukutani palikuwa pameegemezwa vibao vya maelezo, vipya, bado vinanuka rangi. Kimoja kilisema kwa Kiingereza na Kiarabu: *Nakala ya mkataba wa walinzi, Toledo, 1162.*

"Nakala?"

"Kimeletwa asubuhi hii. Githinji ni mwepesi. Asili imepotea, basi tutaweka nakala ya upande wa mbele."

Wayne Githinji alikuwa meneja wa maonyesho, Mkenya kama Rael na walinzi, mtu wa suti na tabasamu. Rael alikigeuza kibao. Nyuma palikuwa na karatasi ndogo ya mpiga chapa: namba ya oda na tarehe, 10/11. Aliinakili.

"Ulimwambia lini Githinji kwamba imepotea?"

"Jana saa tatu asubuhi, dakika ile ile nilipogundua. Alishika kichwa kwa mikono miwili, maskini."

*

Scovia alikuwa anapiga deki korido ya vyoo. Alimwona Rael, akaegemeza ufagio wa maji ukutani, akafuta mikono mara tatu. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Madam, Harun wanamfunga?"

"Bado. Nataka unieleze tena. Usianze na bahasha. Anza ulipoamka."

"Niliamka, nikaoga. Nikapiga pasi gomesi yangu, lile gauni la kwetu, nikaiweka ndani ya mfuko."

"Gomesi ya nini?"

"Ya kuvaa baadaye. Siku hiyo mimi nafanya masaa mawili tu, asubuhi. Nikamaliza ofisi, nikamaliza vyoo. Nikaenda kumwaga maji, ndio nikaona mlinzi anatoka na bahasha. Sikuona sura, niliona mgongo na kofia. Halafu nikabadilisha nguo, basi ikanichukua hapo nje, tukaenda Abu Hamour."

"Abu Hamour kufanya nini?"

"Kanisa, Madam!"

Rael mwenyewe hakuwa amekanyaga Abu Hamour tangu Krismasi, na hilo ndilo lililomchelewesha. Ilimchukua muda kama wa kufunga kamba ya kiatu. Makanisa yote yako Abu Hamour, ndani ya ukuta mmoja. Na Doha nzima inapumzika Ijumaa.

"Scovia," alisema polepole, "juzi ulikuwa wapi asubuhi?"

"Juzi nilikuwa hapa mpaka jioni. Mafundi walileta meza, wakachafua kila mahali."

"Na juzi ndio uliona bahasha?"

"Hapana! Juzi sikuona bahasha. Bahasha niliona Jumapili."

"Juzi ilikuwa Jumapili."

Scovia alimtazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtu aliyeanza kusahau majina ya wanawe.

"Madam, juzi ilikuwa kazi. Jumapili ni siku ya kanisa."

"Ijumaa."

"Ijumaa ya Waarabu, eeh. Sisi ni Jumapili yetu. Pasta anasimama anasema, 'Jumapili njema,' sisi wote tunajibu."

"Kwa hiyo wewe una Jumapili mbili kwa wiki?"

"Hapana. Ile ingine ni kazi tu."

Rael aliegemea ukuta. Onyango haendi kanisani wala msikitini. Alisikia Jumapili, akaandika Jumapili, na ofisi ikatafsiri mara mbili, kwa Kiingereza na kwa Kiarabu. Kila mara neno liligeuzwa sawasawa na kosa likabaki pale pale.

"Nani wengine wanaiita hivyo?"

"Wote tunaosali. Philipo. Velma wa jikoni. Hata Harun ananitania, 'Scovia, Jumapili yenu imefika, umepiga pasi?'" Alianza kulia waziwazi. "Nimesema vibaya? Mimi nilisema ukweli."

"Ulisema ukweli, mama. Sisi ndio tuliandika vibaya. Kaa hapa, nitakuletea maelezo mapya uyatie sahihi."

Alimwonea uchungu, lakini zaidi alikuwa na hasira, na hasira hiyo ilikuwa na anwani. Harun alikuwa ameelewa palepale Scovia alimaanisha siku gani. Na mtu mwingine mmoja aliyekuwa na funguo za Ijumaa alielewa vilevile tangu jana.

Saa ya ukutani ilisema saa tano kasoro kumi.

*

Makazi ya walinzi yalikuwa Al Rayyan, ghorofa mbili, viatu nje ya kila mlango. Philipo Mwadime alikuwa na zamu ya jioni, kwa hiyo Rael alimkuta chumba namba kumi na nne akipiga pasi sare juu ya kitanda. Mtaita, mrefu, mwimbaji wa besi kwenye kwaya. Wenzake wawili walikuwa kazini.

Rael hakuketi. Aliangalia chumba kwanza. Kwa kawaida walinzi wa chumba kimoja hupika pamoja, na juu ya rafu alama ya moshi ilionyesha sufuria moja kubwa ilikaa hapo miaka. Sasa zilikuwa mbili, moja kila upande wa jiko, na ya upande wa kushoto bado ilikuwa imebandikwa bei.

"Mmenunua lini hiyo?"

"Jana usiku, Madam. Vijana walisema afadhali kila watu na yao."

"Kila watu?"

"Wakristo na ... na wenzetu."

"Na mlikuwa mkipika pamoja muda gani?"

"Miaka mitatu." Philipo alirudi kwenye shati. "Mimi na Harun ndio tulianza. Nyama halali, kila mtu anakula, maneno yakaisha."

"Na Ijumaa mlikuwa mnafanyaje? Wote mnaitaka."

"Tunapokezana. Ijumaa moja wao wanashika kazi, sisi tunaenda Abu Hamour. Inayofuata sisi tunashika, wao wanaenda msikiti. Onyango aliikubali. Sisi ndio tuliipanga, mimi na Harun."

"Ijumaa iliyopita?"

"Ilikuwa ya kwao. Mimi nilishika mlango."

"Kwa hiyo ulikosa kanisa. Lakini Scovia hakukosa, yeye hayumo kwenye zamu zenu." Rael alisogea hatua moja. "Philipo, mkiwa kwenu, siku ya kanisa mnaiitaje?"

Pasi ilisimama. Shati likaanza kutoa moshi mwembamba. Rael alinyoosha mkono akachomoa waya ukutani.

"Nikuulize tena?"

"Jumapili," Philipo alisema.

"Bahasha ulimpelekea nani?"

Alikaa kitandani. Alikuwa mtu mkubwa, na kitanda kililalamika.

"Meneja. Githinji. Alipiga simu Ijumaa saa mbili asubuhi. 'Toa jalada la droo ya tatu, kilichomo kifunge kwenye bahasha, niletee kwa gari. Usiandike daftari, mimi ndiye meneja.' Sasa ningemwambia nini? Nikampelekea. Sikujua ni ile karatasi, nakuapia."

"Jumatatu ulijua."

"Nilimfuata. Akaniambia, 'Nyamaza siku mbili, hii kitu itajipanga.' Halafu maelezo ya Scovia yakatoka, yameandikwa Jumapili. Nikaona ..."

"Ukaona imejipanga."

"Hakuna aliyeniuliza kuhusu Ijumaa, Madam."

"Ulijua Scovia alimaanisha nini."

Philipo alianza kuukunja waya wa pasi.

"Harun analala wapi?"

Philipo alionyesha kwa kidevu kitanda cha chini, kile alichokuwa amekikalia. Shuka lilikuwa limekunjwa vizuri.

"Mkataba wangu unaisha Desemba," alisema. "Meneja alisema ataniandikia barua nzuri. Na hawa vijana wa kwaya, jana walikuwa wameshaamua ni Harun. Walisema hapa hapa, na mimi niko. Ningesimama kumtetea, wangesema nimewauza. Nikasema ngoja kesho. Kesho ndiyo hii."

"Chukua kalamu. Andika kuanzia ile simu. Na siku ziandike kwa tarehe, usiandike jina la siku hata moja."

Aliandika kurasa mbili. Tarehe nane, ile Ijumaa, aliifuta akaiandika upya. Alipotia sahihi ilikuwa saa sita na dakika kumi.

"Vaa viatu," Rael alisema. "Tunakwenda wote."

*

Wayne Githinji aliwapokea kwa bashasha, kisha akamwona Philipo nyuma ya Rael, na bashasha ikapungua.

"Madam Chebet! Tumefika wapi na hii stori?"

"Tumefika kwenye kibao chako." Rael alikiweka mezani, mgongo juu. "Uliagiza kibao cha nakala tarehe kumi. Daktari aligundua asili imepotea tarehe kumi na moja. Siku moja kabla ya watu wote wewe ulishajua kwamba asili haitaonyeshwa."

"Ah, hiyo? Ilikuwa ni tahadhari tu. Kwa maonyesho lazima uwe na plani ya pili."

"Vibao vingine vyote nimevigeuza. Ishirini na saba, hakuna kingine cha nakala. Vitu vyote hivyo vya kioo na vya udongo hukuviwekea tahadhari?"

"Mambo ya kitaalamu haya, Madam, siyo ya ..."

Aliishia hapo kwa sababu Rael alikuwa ameweka kurasa mbili za Philipo juu ya kibao. Githinji alizisoma mpaka mwisho. Kisha alifungua kabati la nyuma yake, tena halikuwa limefungwa kwa ufunguo, akatoa mbao mbili nyembamba zilizofungwa utepe. Katikati yake ilikuwa Toledo.

"Sikuiba," alisema. "Andika hilo. Haijatoka nje ya jumba hili, ilizunguka tu maegesho ikarudi ofisini kwangu. Nilitaka kuiweka pembeni wiki tatu tu, mpaka maonyesho yaishe. Ningeirudisha kwa droo, wangesema ilikuwa imeteleza nyuma."

"Kwa sababu ya upande wa pili."

"Unajua nani anakuja Alhamisi? Mabalozi. Mfadhili ametangaza kuishi pamoja, amani, siku tatu za ibada. Halafu daktari anataka watu wazunguke nyuma wasome habari za mjukuu wa Mkristo! Nilimwomba mara nne aonyeshe mbele peke yake. Akakataa."

"Na Harun?"

"Harun angeachiwa baadaye."

"Na nani?"

Githinji aliirekebisha tai yake. Kwa mara ya kwanza tangu waingie alionekana kama mtu aliyefikiria jambo hilo, na lilimfanya azeeke kidogo. Philipo alikuwa anatazama sakafu.

Rael alimwita Daktari Ghizlane na mwanasheria. Daktari aliipokea karatasi kwa mikono miwili, akaigeuza mbele na nyuma, akahakikisha, kisha akampa Githinji mgongo. Mwanasheria aliuliza mara mbili ni faili lipi sasa aende nalo. Rael alimpa jipya: maelezo ya Scovia yenye tarehe, maelezo ya Philipo, oda ya mpiga chapa. La zamani alilipasua mbele ya Onyango.

"Mimi niliandika alichosema," Onyango alijitetea.

"Ndiyo," Rael alisema. "Bila kuuliza."

*

Saa nane kasoro robo alifungua mlango wa chumba cha kubadilishia nguo. Harun alikuwa ameketi vilevile. Alisimama, akaangalia nyuma ya Rael kuona kama kuna polisi.

"Imepatikana," Rael alisema. "Ilikuwa ofisini kwa Githinji. Philipo alimpelekea Ijumaa. Uko huru."

Harun aliinamisha kichwa, midomo ikacheza kwa muda mfupi, akisema kitu ambacho hakikuwa cha Rael kusikia. Alipoinua uso ulikuwa umelowa, akaufuta kwa kofia.

"Ulijua," Rael alisema. "Nilipotaja Jumapili tu, ulijua ni Ijumaa, na ulijua nani alikuwa mlangoni."

"Nilijua."

"Basi kwa nini ulininyamazia? Neno moja tu, Harun! Wanao wangekulaumu maisha yao yote."

"Ningesema mimi, ingekuwa Mwislamu anamtupia Mkristo. Pale kwetu sasa hivi, Madam, hata kiberiti hakihitajiki. Angesema yeye, ingekuwa ni Philipo tu amesema ukweli, basi, na jioni tunakula." Aliirudisha kofia kichwani. "Nikamsubiri."

"Mpaka lini?"

"Mpaka saa nane."

Rael aliitazama saa yake ya mkononi. Harun alijinyoosha, akafunga kifungo cha juu cha shati.

"Kwa hiyo amesema," alisema.

"Amesema. Ameandika kurasa mbili."

"Mwenyewe? Au ulimwuliza?"

Katika miaka yake ya kazi Rael alikuwa amewadanganya watu wengi kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Aliutafuta uongo mzuri, akaupata, na akashindwa kuutoa mbele ya uso ule.

"Nilimwuliza," alisema. "Nilimfuata chumbani nikamwuliza."

Harun alitikisa kichwa mara moja, kama mtu aliyesomewa matokeo aliyoyatarajia.

"Yuko hapo nje kwenye korido," Rael alisema. "Anaomba kukuona. Amesimama tangu tulipotoka kwa Githinji."

"Mwambie nimeshatoka."

"Mlango ni huu mmoja, Harun."

Aliutazama mlango ulio wazi, na zaidi yake kipande cha korido na ncha ya kiatu cheusi kilichopigwa rangi vizuri. Kisha akarudi nyuma hatua mbili, akaketi tena kwenye kiti chake.

"Basi nitakaa humu mpaka aende," alisema. "Nifungie, Madam."